Barua kwa mwanangu aliyeko Texas: kuhusu hiyo bastola kiunoni

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka Kiamunyi, hapa Nakuru. Sisi tu wazima. Mvua imekuja vizuri na mahindi ya kule Bahati yamefika magotini. Picha uliyotuma ukiwa na bastola kiunoni, nje ya shati, nimeiona, na nimekaa nayo kabla ya kukujibu. Sikutaka tuongee haya kwenye simu, maana ungeniambia "Mama, huku ni tofauti," nami ningenyamaza, na mambo yangeishia hapo. Afadhali niandike.

Nianze na lile ambalo sikubishii. Umetoka kazini usiku wa manane, watu wawili wakakuzingira kwenye maegesho ya hiyo nyumba ya wazee, wakakupokonya simu na pochi. Umeogopa, na una haki ya kuogopa. Una mke, una mtoto. Sheria ya huko nayo naijua, nimeisoma. Tangu Septemba 2021, mtu wa miaka 21 na zaidi asiye na kizuizi cha kisheria anaruhusiwa kubeba bastola Texas bila kibali, iwe imefichwa, au iko wazi mradi iwe ndani ya ala yake. Ulipokuwa na viza ya mwanafunzi ingekuwa kosa. Sasa una makaratasi ya ukaaji wa kudumu, na duka limekuuzia kihalali. Hapo sina neno. Wamarekani waliiweka hiyo haki kwenye katiba yao tangu 1791, ilhali huku kwetu, chini ya Sura ya 114 ya sheria za Kenya, bunduki ni ruhusa unayoomba kwa Bodi ya Leseni za Silaha, na ruhusa hiyo wanaweza kuifuta.

Wala siji kukuambia kwamba bunduki ya raia haijawahi kuokoa mtu. Septemba 2013, magaidi walipoingia jengo la maduka la Westgate, Nairobi, raia wenye leseni waliingia mle ndani pamoja na polisi wachache wasiovaa sare kabla vikosi havijafika. Abdul Haji alikwenda na bastola yake kwa sababu ndugu yake alikuwa amekwama ndani, na watu wengi walitoka hai. Ile picha ya msichana mdogo akimkimbilia, dunia nzima iliiona. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya huyo kijana na bado namshukuru. Lakini kumbuka na yaliyofuata siku ileile: afisa wa Recce, kikosi maalumu cha polisi, aliuawa kwa risasi za wanajeshi wetu wenyewe. Wote walikuwa upande mmoja, wote wamefundishwa, wote wana bunduki mkononi, na bado mmoja hakumtambua mwenzake. Hilo la kutambuana ndilo limenifanya nikuandikie.

Unasema unaibeba wazi ili mtu mbaya akiiona tu aende zake. Mimi nimeishi mahali ambapo bunduki zinabebwa wazi, tena kwa sababu hiyohiyo ya kujilinda. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Nilipotoka chuo cha ualimu nilipangiwa kazi Tiaty, kule Baringo, upande wa Chemolingot. Wazee wa pale walitueleza namna silaha zilivyofika: Idi Amin alipoangushwa mwaka wa 1979, kambi ya jeshi ya Moroto, Uganda, ilibaki bila wenyewe, Wakaramojong, wafugaji wa huko, wakabeba zilizokuwamo, na jirani aliyekuwa na mkuki akajikuta anachunga ng'ombe mbele ya mtu mwenye bunduki. Ikabidi naye atafute. Na jirani wa jirani naye akatafuta. Kila mmoja, ukimuuliza, alikuwa anajilinda, na hakuna aliyekuwa anadanganya.

Siku ya soko, Nginyang, nilikuwa nimesimama kwa mama mmoja aliyeuza sukari na tumbaku. Akaja kijana niliyekuwa nimemfundisha darasa la sita, mtulivu, aliyejua kuandika insha kuliko wenzake. AK ilikuwa begani mtutu ukiangalia chini. Alinisalimia kwa heshima, "shikamoo mwalimu," akachukua kipande cha tumbaku, akauliza bei. Yule mama akasema, "Chukua tu, baba." Kijana akasisitiza kulipa. Mama akakataa kabisa kupokea, huku anatabasamu, na mikono yake inapanga upya vifurushi vya sukari ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa. Kijana akaondoka hajui amefanya nini. Alipofika mbali, yule mama akaketi chini.

Siku nyingine wanaume wawili walikuwa wanabishana juu ya beberu. Ubishi wa kawaida tu, kama wa soko lolote: huyu anasema meno yamechakaa, yule anasema bado kijana. Katikati ya maneno mmoja akahamisha mkanda wa bunduki kutoka bega la kushoto kwenda la kulia. Baadaye alituambia bega lilikuwa linamuuma. Lakini mwenzake hakuwa na nafasi ya kujua hilo. Alirudi nyuma hatua moja na tukasikia bunduki yake inakokiwa. Sokoni pote, mwanangu, kukawa kimya, na kila mwanamume mwenye silaha alikuwa ameshaigeukia yake. Mzee mmoja asiye na kitu ila fimbo ndiye aliyeingia kati na kuwapigia kelele kama watoto mpaka wakaona haya. Siku hiyo tulipona. Siku nyingine watu hawakupona, na miaka ya karibuni umesikia wewe mwenyewe: shule zimefungwa, walimu wamekimbia, serikali imepeleka wanajeshi mwaka wa 2023 kupambana na majangili. Na usidhani bunduki nyingi ndizo zitakazomtisha mwenye nia mbaya. Novemba 2012, kule Baragoi, polisi zaidi ya 40 waliuawa wakiwa wamebeba silaha za serikali mikononi.

Nilichojifunza Tiaty ni hiki, na ndicho nataka kukusihi ukifikirie. Silaha inayoonekana inamlazimisha kila anayekuona aamue wewe ni nani, na aamue upesi. Hujasema neno, hujafanya lolote, na tayari umempa mgeni kazi hiyo. Anaweza kuwa mwizi, sawa, akaondoka. Anaweza pia kuwa mama aliyeshika mtoto kwenye duka, au kijana mwenye bastola yake aliyeamka vibaya, au polisi aliyeitwa kwa simu akaambiwa "kuna mwanamume mweusi ana bunduki hapa." Wote hao wataamua bila kukuuliza jina, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba ulikuwa unaimba kwaya St. Paul's na kwamba hukuweza kuchinja kuku mpaka ulipomaliza shule.

Hapo ndipo neno lako la "huku ni tofauti" linaponitia hofu zaidi. Ni tofauti kweli. Julai 6, 2016, Philando Castile, mwanamume mweusi, alisimamishwa na polisi barabarani Minnesota kwa sababu ya taa ya breki. Alikuwa mfanyakazi wa jiko la shule, mtu ambaye watoto walimpenda, aliyejua nani hawezi kula nini. Alikuwa na kibali cha kubeba silaha. Alimwambia askari kwa adabu, akimwita bwana, kwamba ana silaha, kama mtu mwema anavyopaswa kusema. Askari akamfyatulia risasi saba, akamuua, mchumba wake yuko kando yake na mtoto wa miaka minne yuko kiti cha nyuma. Mwaka uliofuata mahakama ikamwachilia askari. Nimewaza sana juu ya mtu huyo, kwa sababu alifanya kila kitu sawasawa, na hata silaha yake haikuwa imeonekana. Ilitajwa tu.

Na kesho yake, Julai 7, ni hapo hapo kwenu Dallas. Watu walikuwa wanaandamana kwa ajili ya Castile na mwenzake wa Louisiana, mtu mweusi naye aliyeuawa na polisi. Baadhi yao walibeba bunduki ndefu begani, wazi, kwa sababu sheria ya Texas iliwaruhusu. Mtu mmoja akaanza kuwalenga polisi, akawaua watano. Katika ile vurugu polisi walisambaza picha ya mwandamanaji mmoja mweusi mwenye bunduki, wakasema ni mshukiwa. Hakuwa na hatia yoyote. Alikuwa amejikabidhi kwa askari na kutoa bunduki yake. Lakini picha ilikuwa imekwisha kuzunguka nchi nzima. Fikiria mama yake anaiona kwenye runinga. Mkuu wa polisi wa Dallas wakati huo, David Brown, naye mtu mweusi, alisema waziwazi kwamba risasi zikianza kulia, na watu wengi wana bunduki mabegani, askari hajui mwema ni nani na mbaya ni nani.

Usidhani hiyo haki imewahi kugawanywa sawa. Mei 1967, watu wa Black Panther, chama cha Wamarekani weusi, waliingia bunge la California, Sacramento, na bunduki wazi, kupinga mswada wa kuwazuia kuzibeba hivyo. Mswada ukapita upesi, na gavana aliyetia sahihi ni Ronald Reagan. Ilipokuwa bega jeusi, haki ya kujilinda ilipata mipaka ndani ya miezi michache.

Sasa tuje kwenye mambo ya kila siku, maana wewe ni mtu wa vitendo. Unafanya kazi nyumba ya wazee. Sheria ya Texas inakataza silaha kwenye hospitali na nyumba za wagonjwa wazee zenye leseni, isipokuwa kwa idhini ya maandishi. Kwa hiyo ukifika kazini utaiacha wapi? Kwenye gari. Gari liko wapi? Kwenye maegesho yaleyale ulikoibiwa, usiku kucha, bila mlinzi. Na kila mtu aliyekuona ukiivua kiunoni anajua imebaki humo. Mwizi anayevunja kioo akitafuta chenji atatoka na bastola, na usiku atakaporudi kukungoja atakuwa nayo. Nimeligeuza jambo hili kichwani kila namna na sioni mahali ambapo kuibeba wazi kumekusaidia.

Usifikiri pia nakuandikia kutoka mahali pa amani nisijue hofu ni nini. Mwaka wa 2022, wanawake walipouawa Mawanga, hapa hapa Nakuru, unakumbuka nilivyokuwa nikikupigia simu usiku. Tuliacha kulala. Wanaume wa ploti walisema watanunua upinde, wengine wakasema wanajua mtu anayejua mtu mwenye bastola. Tulichofanya hatimaye kilikuwa cha kawaida kabisa: tukachanga pesa za taa, kila nyumba ikanunua filimbi, tukajuana kwa majina hata wale wapangaji wapya, na vijana wa boda wakakubali kuwafikisha wanawake mpaka mlangoni. Filimbi ya mama Otieno ililia usiku mmoja na watu wakatoka kila upande na matochi. Sisemi filimbi inazuia risasi. Nasema mwizi aliona watu wengi, wala hakuna kati yetu aliyelazimika kuamua kwa sekunde moja amuue nani gizani.

Kuna jambo lingine, na hili naliandika kwa shida. Mwaka ule ulipokosana na kazi ya kwanza, ulinyamaza. Hukupokea simu, mkeo ndiye aliyeniambia huli na hulali. Zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa bunduki huko Marekani kila mwaka ni watu waliojiua wenyewe. Hofu yangu kubwa juu ya chuma hicho ndani ya nyumba yako iko hapo, kuliko kwa mwizi. Usikasirike. Mimi ni mama yako na nimekuona ukiwa katika hali zote.

Hata kama utakataa yote niliyosema, umri wako ni wa kuamua mwenyewe, na sitakulaani kwa hilo. Lakini acha kuibeba ionekane. Na nina maswali ambayo nataka uyajibu, si kwa picha.

Inalala wapi usiku, na ufunguo wa hilo kabati anao nani? Mjukuu wangu anapanda mpaka juu ya jokofu, umenitumia video mwenyewe. Umemwomba mwajiri wako taa na mlinzi wa maegesho, kwa maandishi, au mmelalamika tu jikoni? Wafanyakazi wa zamu yako hawawezi kutoka pamoja? Na ukisimamishwa na polisi, mikono yako itakuwa wapi, na utasema nini kwanza? Nataka unieleze neno kwa neno.

Nipigie Jumapili mkitoka kanisani. Huku itakuwa usiku na nitakuwa macho. Mkeo awepo, nataka kumsikia yeye pia.

Mama yako.