Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Ufuatiliaji na Tathmini katika Asasi Wanachama, 2025

Ndugu wajumbe,

Taarifa hii inahusu Januari hadi Desemba 2025. Hesabu atazisoma Mweka Hazina na kabrasha mnalo mkononi, kwa hiyo mimi nitabaki kwenye kazi moja mliyotutuma mwaka jana: kuzijengea asasi zetu uwezo wa ufuatiliaji na tathmini.

Mwaka ulianza vibaya. Tarehe 20 Januari Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai USAID, shirika lake la misaada, ikaacha kuendesha programu zake. Wanachama wetu wengi hawakuwahi kusaini mkataba wowote na USAID. Walipata fedha kupitia mashirika makubwa, ila barua za kusimamisha kazi ziliwafikia vilevile. Mtu wa kwanza kufungashwa virago katika asasi nyingi alikuwa afisa ufuatiliaji na tathmini. Mshahara wake ulikuwa kwenye bajeti ya mradi, kompyuta ya mradi, na nywila ya akaunti ya takwimu anaijua yeye tu. Mradi ulipofungwa, takwimu za miaka yote zikaondoka naye. Asasi moja ilikuja kuomba ufadhili mpya kwingine, ikaulizwa ilifanya nini 2023, ikawa haina cha kuonyesha zaidi ya picha za uzinduzi.

Ndiyo maana Kamati Tendaji ilifuta semina ya hotelini iliyokuwa kwenye mpango kazi. Semina hizo tunazifahamu. Afisa anapata cheti, cheti kinampatia kazi nzuri Dar es Salaam, sisi tunabaki na bango. Simlaumu mtu kwa kutafuta riziki, lakini uwezo unaokaa kichwani mwa mtu mmoja ni uwezo wa mtu huyo, si wa asasi. Fedha ile tuliihamishia kwenye nauli na chakula: asasi mbili, tunaziita pacha, zinatembeleana, ofisi nzima inakaa mezani, mhasibu na wanaojitolea wakiwemo, majalada yanafunguliwa. Swali ni hili: takwimu hii imetoka wapi, na mara ya mwisho ilibadilisha uamuzi gani hapa ofisini?

Niwape mfano mmoja, kwa ruhusa ya wenyewe. Mwanachama wetu anayefanya miradi ya maji alikuwa akiripoti wanufaika kwa njia ambayo wengi wetu tunaitumia. Sera ya Maji ya 2002 iliweka kipimo kwamba kituo kimoja cha kuchotea kihudumie watu 250, wasitembee zaidi ya mita 400. Basi unahesabu DP, yaani vituo hivyo vya kuchotea, ulizojenga, unazidisha kwa 250, kazi imekwisha. DP nane, watu 2,000, mfadhili anapiga makofi. Wageni wa asasi pacha walipofika kijijini waliomba kumwona anayeuza maji. Mama yule akatoa kauntabuku chini ya meza: tarehe, ndoo, pesa, na pembeni maelezo kwa kalamu nyekundu. Kuanzia Septemba mistari ilikuwa mitupu, kando imeandikwa "pampu", halafu "fundi kesho", halafu tena "fundi kesho". Robo hiyohiyo ripoti ya asasi ilisema watu wote wanapata maji.

Hakuna aliyedanganya. Fomu haikuuliza kama maji yanatoka. Iliuliza vituo vingapi vimejengwa. Sasa asasi ile inapiga picha kurasa za kauntabuku kila mwisho wa mwezi na kuhesabu siku ambazo DP ilitoa maji. Kiashiria ni kimoja, hakihitaji kishikwambi, na kimewafanya wahamishe fedha za mafunzo ya kamati ya maji kwenda kwenye vipuri. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote tulizofanya mwaka huu, na iligharimu nauli ya basi.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. KoboToolbox, programu ya kukusanya takwimu, inafanya kazi kwenye simu janja hata pasipo mtandao, vijana wanaijua, na asasi zinazoihitaji tumeshazifungulia akaunti kwa jina la asasi, si la mtu. Ila simu haiponyi dodoso baya. Mfadhili mmoja alileta fomu yenye viashiria vingi kuliko wafanyakazi wa asasi anayoifadhili. Tulimwandikia, tukakaa naye, akakubali kuvipunguza. Tusiogope kufanya hivyo.

Vivyo hivyo kwa washauri elekezi. Vigezo vya tathmini vya OECD, umoja wa nchi zilizoendelea, vilikuwa vitano tangu 1991, na Desemba 2019 vikawa sita, na waraka wenyewe unaonya kwamba visitumike kama orodha ya kuweka vyema. Lakini hadidu za rejea ninazoletewa kusoma zinabeba vyote sita, hata kwa mradi wa mwaka mmoja wa kata mbili. Mshauri anapewa siku kumi, anaandika aya moja ya jumla kwa kila kigezo, na mwisho "mradi umekuwa na athari chanya". Chagueni viwili mnavyotaka kweli kujua jibu lake, mlipe kwa hivyo.

Jambo la haraka sana ni taarifa za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo kazini. Bado nimeona fomu za mahudhurio zenye majina, namba za simu na hata hali ya afya zikiwa juu ya meza ya mapokezi, wengine wakifungia maandazi. Kila asasi iwe na kabati lenye kufuli, na mtu mmoja anayejibu kwa jina. Ambao hawajajisajili Tume waonane na Katibu leo, baada ya chakula.

Kwa 2026 Kamati Tendaji inaleta mapendekezo mawili. La kwanza, kila asasi ifanye kikao cha robo mwaka cha kusoma takwimu zake yenyewe, muhtasari uletwe kwa Katibu. Ukurasa mmoja unatosha. La pili, sehemu ya ada ya uanachama itengwe kwa ziara za asasi pacha, ili zisitegemee mfadhili yeyote. Pendekezo la pili linagusa katiba, kwa hiyo linahitaji theluthi mbili ya wajumbe. Najua wapo wanaoona ada tayari ni kubwa, na watapewa nafasi ya kusema. Kura itapigwa mara baada ya taarifa ya Mweka Hazina.