Kichwa Kiko Juu: Barua kwa Wakwe Wenzangu wa Tanga

Wakwe wenzangu, mawifi, makungwi, na nyie mashangazi mnaopiga simu kila asubuhi kuuliza "bado?",

Assalaam aleykum, na msio Waislamu hamjambo. Nawaandikia nikiwa kibarazani kwangu Ngamiani, miguu imevimba kwa uzee. Kazi yangu ilikuwa ukunga, nimestaafu zamani, lakini mlango wangu haujastaafu. Sikuja kuwasema. La, nimesema uongo: nimekuja kuwasema kidogo.

Mwaka jana jirani yangu aliniita kwake baada ya alasiri. Mkaza mwana wake, mimba ya kwanza, ameketi mkekani amejifunika kanga mpaka kidevuni kama mtu wa homa. Jikoni kuna sufuria inatokota, na harufu naijua: mzizi wa kuharakisha uchungu. Kikombe cha bati kimeshawekwa tayari. "Siku zimepita kumi na tisa," jirani akaniambia, "na kliniki wanasema mtoto hajashuka, kichwa kiko juu. Sasa kitashuka lini? Nimemchemshia."

Nikakichukua kile kikombe nikakishika mwenyewe. Nikaomba kadi. Kwa kadi amepita siku tano. Kwa mama mkwe, siku kumi na tisa. Nikamuuliza binti, nani alitoa tarehe hii? Akatazama chini. Alichelewa kuanza kliniki, akaulizwa siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho, hakumbuki, mama mkwe akajibu: mwandamo wa Ramadhani, maana baada ya Ramadhani hakuingia tena mwezini.

Basi nikamuuliza swali ambalo manesi wengi hawaliulizi. "Mwanangu, unadaiwa siku ngapi za funga?" Akajibu papo hapo, saba, maana aliye mwezini hafungi, hulipa baadaye. "Ulianza kula Ramadhani mwezi ngapi?" Mwezi kumi na nane, yaani siku ya kumi na nane ya Ramadhani. Anakumbuka kwa sababu siku ile alikuwa amejipikia uji wa daku na hakuufaidi.

Hapo hesabu yote ikageuka. Mimba huhesabiwa siku 280, wiki 40, tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Ukitaka njia ya haraka kwa kalenda ya kizungu, ongeza siku saba, rudi nyuma miezi mitatu. Sisi wa Mwambao tunahesabu kwa miandamo, na miandamo tisa ni kama siku 266 tu. Wiki mbili nzima zimekosekana, na bibi harusi wa watu ameshaambiwa amepitiliza. Huyu alikuwa na pengo la wiki mbili za mwezi mwandamo, juu yake siku kumi na saba za Ramadhani alizofunga kabla hajaanza hedhi. Siku ile tuliyokaa mkekani ilikuwa mwezi ishirini, mfungo tisa, ndio mwezi wa tisa baada ya Ramadhani. Kwa hesabu ya deni lake la funga, alikuwa na wiki 38 na siku mbili. Hajapita hata siku moja.

Sikumwandikia tarehe mpya kwa kalamu yangu, hiyo si kazi ya kibarazani. Kesho yake tulikwenda wote kliniki, tukaeleza, wakapima, wakasikiliza mapigo ya mtoto, wakasahihisha. Kipimo cha picha kingetusaidia zaidi kama kingefanywa mapema, kabla ya wiki ya 24. Mimba ikiwa kubwa, picha inaweza kukosea tarehe hata kwa wiki mbili au tatu. Kwa hiyo msiwacheleweshe mabinti kuanza kliniki mkingoja tumbo "lionekane vizuri."

Sasa hiki kichwa kilicho juu.

Nawaelezeni tunavyokipima, maana naona neno lenyewe linawatisha kuliko jambo. Mama kwanza anakwenda haja ndogo, kibofu kikijaa chenyewe kinaweza kukizuia kichwa. Halafu analala chali, mkunga anaweka vidole juu ya mfupa wa kinena na kukitafuta kichwa. Kichwa tunakigawa mafungu matano. Chote kikihisika juu ya mfupa, ni tano kwa tano: ukikisukuma kidogo kinaondoka na kurudi, kama dafu linaloelea kwenye ndoo ya maji. Yakibaki mafungu mawili tu juu, basi kimeingia kwenye nyonga. Ni hivyo tu.

Vitabu tulivyosomea vilikuwa vya Uingereza, na viliandika kwamba mimba ya kwanza kichwa huingia wiki chache kabla ya kujifungua. Tulipofika wodini walimu wetu walitucheka. Wanawake wetu wengi, hata wa mimba ya kwanza, kichwa hukaa juu mpaka uchungu wenyewe uanze, ndipo kinashuka. Aliyekwisha zaa ndiyo kabisa, anaweza kuingia leba kichwa bado kinaelea na akajifungua salama kabla ya adhuhuri.

Lakini zipo sababu nyingine za kichwa kukaa juu, na hizo hazionekani kwa macho ya mkwe. Kondo la nyuma linaweza kuwa limekaa chini, limeziba njia. Mtoto anaweza kuwa amelala kikingama, au ameelekeza uso mbele, au ni mkubwa kuliko nyonga ya mama yake. Pengine ni pacha, au uvimbe kwenye kizazi, au maji mengi. Ndiyo maana anayeambiwa kichwa kiko juu na siku zimefika hukaguliwa sababu.

Na ndiyo maana mzizi unanitia hofu. Dawa ile hubana kizazi, na inabana bila kipimo, hakuna anayejua kikombe hiki kina nguvu ya kiasi gani. Kama njia imezibwa au mtoto hapiti, kizazi kinabana na kubana mpaka kinachanika. Mwenye mshono wa operesheni ya uzazi uliopita, huyo hata tone asionjeshwe. Mafuta ya nyonyo yanamharisha mama mpaka anaishiwa maji, halafu anaingia leba hana nguvu. Kukandwa tumbo ili mtoto asukumwe chini kunaweza kulibandua kondo, na damu ikimwagika ndani hamtaiona. Tende mpeni, kama hana kisukari. Atembee jioni mkitaka, mpaka Raskazone akale upepo. Kombe, zile aya zilizoandikwa kwa zafarani na marashi, sina ugomvi nalo, anywe, apate utulivu wa moyo, halafu aende kliniki. Yale ya chumbani ni ya mtu na mumewe, nyie hayawahusu.

Kuna jingine linaloniuma zaidi ya mzizi. Nimewahi kukuta mwari wa watu amezungukwa na wanawake wanne wakimtaka aungame. Kwamba mtoto hashuki kwa sababu ametoka nje ya ndoa, au kafungwa na mke mwenza, au kamkosea mumewe. Binti ana tumbo la wiki 40, hajalala usiku kucha, anaulizwa majina ya wanaume! Kichwa cha mtoto hakijui fitina za ukoo wenu. Niliwatoa wote nje na kanga zao.

Msije mkanielewa vibaya, mkasema bibi amesema tungoje tu. Hapa inabidi nijiseme mwenyewe.

Nilipokuwa mkunga mchanga, kwenye kituo kimoja nje ya mji, alikuja mama wa mimba ya nne. Tarehe zake hazikuwa na shaka hata kidogo, mumewe alikuwa baharia, alikuja mara moja akaondoka. Wiki 42 zimetimia. Nikapima: kichwa kiko juu, tano kwa tano. Nikajiambia, wa mimba ya nne huyu, kitashuka na uchungu. Nikamwambia rudi wiki ijayo. Siku ya tatu akarudi. Akasema mtoto katulia tangu jana, na mama yake amemwambia mtoto akikaribia hutulia, anajiandaa. Nikaweka pembe ya kusikilizia mapigo tumboni. Nikaihamisha. Nikaihamisha tena. Sikusikia kitu. Mapigo yaliyokuwapo yalikuwa ya mama tu, taratibu, chini ya vidole vyangu.

Nilikuwa nimepima kichwa na kusahau siku. Kichwa kikiwa juu peke yake hakisemi tungoje wala tukimbie. Yanayosema ni siku, na kucheza kwa mtoto. Wiki 41 zikitimia kwa hesabu ya hakika, Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama aanzishiwe uchungu hospitalini. Kondo huzeeka, na kila siku inayopita baada ya hapo hatari inaongezeka, kidogo kidogo, lakini inaongezeka. Kama kichwa bado kiko juu, daktari ataangalia njia imelainika kiasi gani, kisha achague vidonge, au mpira wenye puto, au dripu, au aseme moja kwa moja operesheni. Kuanzishiwa si aibu ya ukoo. Mtu asiandikiwe tarehe ya kwenda, nyie mkamzuia kwa kuwa "bado anangojea zake mwenyewe."

Na hilo la mtoto kutulia mlifute kabisa. Mwisho wa mimba nafasi ya mtoto ni ndogo, atajinyoosha na kujigeuza kuliko kupiga mateke, lakini hapunguzi kucheza. Mama akisema leo simsikii kama jana, msimpe juisi ya baridi mkangoja hadi asubuhi. Anakwenda saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Damu, hata isiyo na maumivu, anakwenda. Kichwa kinauma sana, macho yanaona ukungu, anakwenda.

Chupa ikipasuka nyumbani na mliambiwa kichwa kiko juu, hilo halingoji mtu abadilishe nguo. Maji yakitoka kwa kishindo na kichwa hakijaziba njia, kitovu, ile kamba ya mtoto, kinaweza kutangulia, na kikibanwa mtoto anakosa hewa ndani ya dakika chache. Mlazeni ubavu, mwekeeni mito chini ya makalio yainuke, ingieni kwenye gari au bajaji naye akiwa hivyo. Si bodaboda. Mkikiona kitovu nje, mkono wa mtu usikirudishe ndani. Maji yakiwa ya kijani, mwambieni nesi mara mnapofika mlangoni, msingoje kuulizwa.

Kwa hiyo nyie mnaoishi Pongwe, Kange, Mwahako na huko mbali zaidi, wiki ya 36 namba ya mwenye bajaji anayeamka usiku iwe imeshaandikwa ukutani. Nauli iwe imefungwa kwenye pindo la kanga. Na mwanamume mmoja ajue kwamba damu yake inaweza kuhitajika, asije akasafiri kwenda kuvua siku tatu.

Simu zenu za "bado?" zikomesheni. Kama mna hamu sana, mpigieni mumewe, yeye hana tumbo. Au nendeni mkamfulie nguo, mrudi nyumbani.

Yule binti wa mkekani alipata uchungu usiku wa kuamkia mwezi tano Rajabu. Wiki 40 na siku mbili. Alipofika wodini nesi alimpima akasema kichwa kiko juu bado, nne kwa tano, na mama mkwe akanitazama mimi kama nimemwibia. Saa nane baadaye kilikuwa kimeshuka chote, na kabla ya magharibi amezaa mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu.

Kikombe cha bati bado kiko kwangu. Jirani amekidai mara mbili. Nakinywea kahawa ya tangawizi kila asubuhi, na nimemwambia akikitaka aje kukichukua na mjukuu mgongoni.

Bibi yenu, mkunga mstaafu, Ngamiani