Barua kwa mwanangu anayehamia Bohol, Ufilipino

Mwanangu Shabani,

Salamu sana, na mkwe wangu Liezl nisalimie. Mwanaidi amenionyesha ramani ya nyumba mnayotaka kujenga Loon mkitoka Doha: vyumba vitatu, baraza mbele, jiko linalotazama bahari. Nimeipenda. Nikamuuliza kiwanja kina jina la nani, akasema cha baba yake Liezl. Nikamuuliza hati ameiona nani, akanyamaza. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia, kwa sababu kwenye simu unaitikia "ndiyo mama" halafu unaendelea na lako.

Habari za Los Baños sikukumbushi, ulikulia pale. Lakini pale tulikuwa wageni wa taasisi ya utafiti wa mpunga. Nyumba ilikuwa yao, viza walishughulika wao, hata fundi bomba walileta wao. Sasa unakwenda kuwa mkwe wa watu kijijini, na hilo hakuna aliyekuandaa nalo, sisi wazazi wako tukiwa wa kwanza.

Katiba yao ya 1987 hairuhusu mgeni kumiliki ardhi. Huwezi kuinunua, huwezi kupewa zawadi, na kuoa Mfilipino hakubadilishi kitu. Mgeni anapata ardhi kwa urithi wa kisheria tu. Nyumba yenyewe unaweza kuimiliki, lakini ardhi iliyo chini yake hapana. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu yao ilimnyima Mjerumani mmoja fedha alizonunulia kiwanja Antipolo kwa jina la mkewe. Fedha zilikuwa zake na hakuna aliyebisha, ila mahakama ilisema alijua katiba inamkataza, basi asije kuidai haki kwa mlango wa nyuma. Ndoa ilikuwa imevunjika. Ninyi hamjavunjika, na Liezl nampenda kama nimemzaa. Simwogopi Liezl. Naogopa kifo, naogopa deni la mtu mwingine, naogopa kaka zake ambao hujawahi kukaa nao.

Kwa hiyo kabla ya tofali la kwanza, fanya hivi. Mwombe mzee namba ya hati, kwa adabu, Liezl akiwepo. Nenda ofisi ya msajili wa hati Tagbilaran uombe nakala iliyothibitishwa. Mtu yeyote mwenye namba anaweza kuiomba, haihitaji ruhusa ya mwenye ardhi. Usisome mbele tu. Geuza nyuma, huko ndiko rehani na kesi zinakoandikwa. Ukiambiwa hati haipo ila kuna karatasi ya kodi kutoka kwa mthamini wa manispaa, jua kwamba hiyo inaonyesha nani analipa kodi, haithibitishi umiliki. Na kama ni hati ya ardhi iliyogawiwa wakulima na serikali, haiuzwi wala haihamishwi kabla ya miaka 10, isipokuwa kwa urithi na njia chache zilizotajwa katika sheria.

Ninachokihofia hasa ni hiki: hati iko kwa jina la babu aliyekufa zamani. Vijijini kule ni jambo la kawaida kabisa. Babu amekufa, watoto saba wamegawana kwa mdomo, kila mmoja analima kipande chake kwa amani, na kwenye karatasi ardhi bado ni ya marehemu. Siku mgeni anapojenga nyumba ya zege, ndipo shangazi aliye Manila na binamu aliye Kanada wanapokumbuka fungu lao. Nao wanakuwa na haki. Hapo warithi wote husaini mkataba wa kugawana mirathi, wa nje wanatuma hati ya uwakilishi, tangazo linatoka gazetini mara moja kwa wiki kwa wiki tatu mfululizo, kodi ya mirathi ya asilimia 6 inalipwa, na mamlaka ya kodi ikitoa kibali ndipo msajili anaandika hati mpya. Itachukua miezi mingi. Subiri. Pangeni nyumba ndogo mjini, nyumba za kupanga ziko tele.

Hati ikiwa safi, ikodi ardhi kwa mkataba wa maandishi. Sheria inamruhusu mgeni kukodi ardhi ya mtu binafsi miaka 25, na kuongeza 25 mingine. Mkataba uandikwe mbele ya wakili mwenye mamlaka ya kuthibitisha nyaraka, kisha uandikwe nyuma ya hati kule kwa msajili. Bila hivyo, ardhi ikiuzwa, mnunuzi asiyejua habari zenu anaweza kukuambia hakujui. Na sikiliza hapa vizuri: ukodishiwe na baba mkwe wakati ardhi bado ni yake. Ikishahamia kwa Liezl, mkataba wa kukodishana baina ya mume na mke haukubaliki kwa sheria yao. Wengi wanajikwaa hapo, wanaharakisha kumwandikisha mke kwanza. Kibali cha ujenzi kiwe na jina lako au majina yenu wawili, na risiti za vifaa tunza kila moja.

Najua utasema Mama ananifanya nionekane mchoyo kwa wakwe. Hapana. Mzee wa heshima hatachukizwa na karatasi ukimpelekea kwa heshima. Ukifika, inama, chukua mkono wake wa kulia uguse nao paji la uso wako, na kila mkubwa wa nyumba hivyo hivyo, hata kama watacheka mwanzoni kwa urefu wako. Usimkatalie mtu mbele za watu. Ukiombwa mkopo, na utaombwa, mwachie Liezl ajibu. Wao kwa wao wanajua namna ya kukataa bila kuvunjiana heshima. Jitambulishe kwa kapitan wa barangay, yaani mwenyekiti wa kijiji, wiki ya kwanza, kwa sababu cheti chake utakihitaji kwenye kibali, na ugomvi mwingi wa majirani unapita kwake kabla ya kufika mahakamani.

Kuhusu kuingia. Kwa kuwa Liezl amekaa nje zaidi ya mwaka, mume anayefuatana naye anaruhusiwa kukaa mwaka mmoja bila viza. Neno lenyewe ni kufuatana. Pandeni ndege moja, simameni dirisha moja la uhamiaji, cheti cha ndoa mkononi, na muombe wenyewe mhuri wa mwaka. Ukitangulia hata siku moja utagongewa siku 30. Pasi ya kusafiria iwe na muda wa zaidi ya miezi sita, fomu yao ya mtandaoni mjaze ndani ya saa 72 kabla ya kufika, na ile kadi ya njano ya chanjo usiiache. Ukija nyumbani kwanza, thibitisha na cheti chako cha kuzaliwa cha RITA, maana ubalozi wao unaotuhudumia uko Nairobi na safari mbili ni hasara. Viza ya kudumu ya ndoa huanza kwa mwaka mmoja wa majaribio, na wanaipa raia wa nchi ambayo nayo inawapa Wafilipino haki hiyo hiyo. Ulizia hilo mapema, usingoje mwezi wa kumi na moja. Ukishapata kadi yao ya mgeni, kila mwaka unaripoti uhamiaji ndani ya siku 60 za kwanza.

Ujenzi sasa, kwa kuwa najua hutaacha. Mfuko wao wa saruji ni kilo 40, siyo 50 kama wetu. Ukihesabu kwa mifuko kama ulivyozoea, zege litakuwa dhaifu. Mita moja ya ujazo kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) inakula mifuko tisa hivi. Mchanga wa ufukweni kataa hata ukiletewa bure, chumvi inakula nondo, nondo inavimba, nguzo inapasuka kutoka ndani. Kuta za nje ziwe za tofali za matundu za inchi 6, nondo zisimame ndani ya matundu nayo yajazwe zege. Ringi za nguzo, zile nondo nyembamba zinazozunguka nondo kubwa, ncha zake zikunjwe nyuzi 135 ziingie ndani ya zege. Zikikunjwa 90 tu zinafunguka wakati wa tetemeko. Loon ndiyo mahali ambapo tetemeko la Oktoba 2013, la ukubwa wa 7.2, liliangusha kanisa la mawe lililosimama zaidi ya karne moja. Na Desemba 2021 kimbunga Odette kikafuata. Upepo wa namna ile haulibonyezi paa, unalivuta juu, kwa hiyo kenchi zifungwe kwenye linta kwa mikanda ya chuma na mabati yakazwe kwa skrubu. Paa la migongo minne linastahimili kuliko la miwili.

Na hilo jiko la kutazama bahari: kwenye ardhi ya kilimo mita 20 kutoka ufukweni ni njia ya umma, hairuhusiwi kujengwa. Minazi iliyo kiwanjani nayo haikatwi bila kibali cha mamlaka yao ya minazi, hata iwe ya mzee mwenyewe. Narudia tena, Shabani, hakuna kati ya haya lenye maana kama hati hujaiona. Nguzo nzuri kwenye ardhi ya mtu ni zawadi kwa mtu.

Afya. Bohol haina malaria, na hapo pana hatari kwako. Ukitoka kututembelea Morogoro ukashikwa na homa kule, daktari atawaza dengi. Mwambie wazi kwamba umetoka Tanzania akupime malaria siku hiyo hiyo. Na ikiwa ni dengi kweli, meza parasetamoli, usiguse aspirini wala ibuprofeni, zinaongeza hatari ya kutoka damu. Yule mbu anauma mchana, chandarua peke yake hakitoshi, mwaga maji yaliyotuama kwenye matairi na ndoo. Chakula utapata samaki wa kila aina, lakini uliza mafuta. Mboga nyingi wanatia vipande vya nguruwe kwa ladha tu, hawahesabu kuwa ni nyama. Mama mkwe akijua mapema atakupikia sufuria yako bila kinyongo.

Nakuonea fahari, ujue. Hukupoteza riyali zako kwenye magari kama wenzako, na ndiyo sababu nasumbuka hivi, kwa sababu kuna kitu cha kupoteza. Ila kumtumia Mwanaidi ramani kabla ya kunitumia mimi, hilo limeniuma.

Pasi yako ya umeme na zile blenda za pini tatu ziuze huko huko Doha, Bohol plagi ni za pini mbili bapa. Usibebe mbegu, si mchicha si mpunga, bila cheti cha afya ya mimea. Pesa ya dari usitume mwezi huu. Mpangaji wa chumba cha uani amelipa miezi sita, fundi anaanza Jumatatu. Mjomba Hamisi, unajua alivyo na hati za ardhi, anasema atakusaidia kuisoma. Mtumie picha ya pande zote mbili, mbele na nyuma, isiwe na kivuli.

Mama yako