Rufaa ya chuo haisimamishi miezi mitatu ya afisa kazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaandikie wafanyakazi wa vyuo vikuu vya Uganda, hasa walinzi, wapishi, wafagiaji, madereva na makarani. Barua ya kuachishwa kazi huwafikia kwa Kiingereza kizito, na siku huanza kuhesabika kabla hawajapata mtu wa kuwasomea.

Madai mengi ya watu hawa hufa kwa kuchelewa, si kwa kukosa haki. Mtu anakata rufaa chuoni, anaambiwa angoje kikao, naye anangoja kwa heshima zote. Kumbe Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 imempa miezi mitatu tu, tangu tarehe ya kuachishwa, kufikisha malalamiko kwa afisa kazi wa wilaya, yaani ofisa wa serikali anayesikiliza migogoro ya kazi. Afisa anaweza kumpokea aliyechelewa, lakini ni lazima mlalamikaji aonyeshe sababu ya haki, na kusema tu kwamba alikuwa akingoja chuo kunaweza kusimtoshe. Kwa hiyo rufaa ya chuo iandikwe mara moja. Mwezi wa pili ukifika bila jibu, nenda kwa afisa kazi ukiwa na nakala ya rufaa hiyo. Aliyefanya kazi mfululizo kwa wiki 13 au zaidi ana haki ya kulalamika kwamba ameachishwa isivyo haki. Afisa naye akikaa siku 90 bila kutoa uamuzi, mlalamikaji anaweza kupeleka dai lake Mahakama ya Viwanda, yaani mahakama ya migogoro ya kazi. Wengi hawalijui hili, na faili zao zinalala wilayani.

Malalamiko na rufaa ni vitu viwili. Malalamiko unayaanzisha wewe: malimbikizo ya mshahara, kunyimwa cheo, uhamisho wa chuki. Hayo huanzia kwa mkuu wa idara, kisha rasilimali watu, isipokuwa mkuu huyo ndiye anayelalamikiwa, hapo mruke. Rufaa hupinga uamuzi uliokwisha kutolewa, na huenda kwa chombo kilicho juu ya kile kilichoamua. Katika vyuo vya umma, sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2001 iliweka Tribunali ya Wafanyakazi, yaani baraza la kusikiliza mashauri yao, isikilize rufaa dhidi ya maamuzi ya Bodi ya Uajiri, chombo cha chuo kinachoajiri na kuwaadhibu wafanyakazi. Vyuo binafsi havikuwekewa tribunali hiyo, kwa hiyo njia ya ndani itafutwe katika mwongozo wa wafanyakazi na mkataba. Omba nakala ya mwongozo leo, ukiwa bado kazini. Ukishaondolewa, hata kuingia getini ni shida.

Barua ya rufaa isizidi kurasa mbili. Taja uamuzi unaoupinga, tarehe yake na nambari ya kumbukumbu, siku ulipoipokea barua, sababu zako, na unachotaka: kurudishwa kazini, adhabu kupunguzwa au kulipwa stahili. Kosa ninaloliona kubwa kuliko yote ni kuandika barua ya kuomba msamaha na kuiita rufaa. Mtu anaeleza karo ya watoto na miaka aliyotumikia, halafu anamalizia kwa kuahidi kwamba hatarudia. Barua hiyo huwekwa kwenye faili kama ungamo, na baadaye akisema hakutenda kosa, anaonyeshwa maneno yake mwenyewe. Kosa la pili ni kusambaza nakala kila mahali, kuanzia ikulu hadi redioni. Kila ofisi hudhani nyingine inashughulikia.

Ipeleke masjala kwa mkono, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Masjala wakikataa, tuma kwa posta ya rejista na kwa barua pepe pia, uhifadhi risiti.

Sababu zenye nguvu mara nyingi zimo katika jinsi shauri lilivyoendeshwa. Kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au utendaji mbovu, mwajiri anapaswa kumweleza sababu kwa lugha anayotarajiwa kuielewa, kumpa muda wa kujiandaa, na kumruhusu aje na mtu aliyemchagua. Mlinzi anayeelewa Kiswahili au Kiluganda ana haki ya kudai hilo, na adai kwa maandishi kabla ya kikao. Mwajiri asiyefuata utaratibu huu anadaiwa mshahara halisi wa wiki nne, hata kama kufukuza kwenyewe kulikuwa na sababu. Aliyekushtaki akiketi miongoni mwa waamuzi, pinga mwanzoni mwa kikao na utake pingamizi liandikwe katika kumbukumbu. Ukinyamaza hapo, utaulizwa baadaye kwa nini hukusema.

Tazama pia kalenda ya mwajiri. Kusimamishwa kazi kwa ajili ya uchunguzi ni kwa nusu mshahara, na hakupaswi kuzidi wiki nne. Uchunguzi ukiisha mapema, nako kunaisha. Na mwajiri asiyetoa adhabu ndani ya siku 15 tangu alipojua kosa huhesabiwa ameiacha haki hiyo, isipokuwa pawe na hali ya pekee. Andika tarehe hizi zote pembeni ya barua zako.

Kwa Mabaraza ya Vyuo nina maombi mawili. Kila barua ya adhabu iwe na aya moja, kwa Kiingereza na Kiswahili, inayotaja rufaa inakatwa wapi na siku ya mwisho ni ipi. Na wajumbe wa tribunali wateuliwe kabla ya waliopo kumaliza muda, kwani viti vikibaki wazi, mfanyakazi aliyekata rufaa kwa wakati anaishi bila mshahara akingoja chombo kisichoweza kuketi.

Mshauri wa masuala ya kazi,
Jinja