Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Kazi za kawaida za kutunza daraja letu, lililokuwa la reli na sasa ni la waenda kwa miguu, mnazijua: usafi wa kila mwezi, matembezi ya wanafunzi, kubadilisha mbao zilizooza, ukaguzi wa vizuizi vya pembeni. Zote zilifanyika.

Nije kwenye linalonong'onwa. Ni kweli, fungu la taa kamati ililihamishia kwenye boliti za miguu ya nguzo, na daraja likafungwa. Nimeambiwa nimepuuza azimio lenu la kuweka taa. Katiba yetu inairuhusu kamati kuchukua hatua usalama unapokuwa hatarini, na ni mimi, si wanung'unikaji, niliyeteremka chini ya daraja na fundi nikaona kutu ikibanduka kama magamba.

Wapo wanaodai kwamba daraja lililobeba garimoshi haliwezi kulemewa na waenda kwa miguu. Nani alizungumzia uzito? Daraja la Kinzua kule Pennsylvania, Marekani, lilikuwa la reli, baadaye likawa kivutio cha watalii. Tarehe 21 Julai 2003 kimbunga kiliangusha minara yake 11 kati ya 20, wakati matengenezo yalikuwa yameshaanza. Hapakuwa na garimoshi juu yake. Wachunguzi walikuta boliti zilizoishikiza minara kwenye misingi zimeliwa na kutu. Najua boliti hazipendezi kwenye picha kama taa.

Kuhusu wiki mbili za kufunga daraja kugeuka sita: rangi ya zamani ina madini ya risasi, haikwanguliwi ovyo juu ya maji. Ilibidi kutandaza maturubai na kukusanya vumbi lote. Nilieleza haya kwenye mkutano wa Machi, ila waliofika walikuwa 19 kati ya wanachama 112. Tulingoja saa nzima, akidi haikutimia. Wengi waliopaza sauti baadaye sikuwaona siku ile.

Ada: waliomaliza 47, waliolipa nusu 14, ambao hawajalipa chochote 51, wakiwemo wajumbe wawili wa kamati yangu mwenyewe. Majina nimeyahifadhi, kwa sasa. Bila michango ya wahisani, ambayo niliitafuta mwenyewe, hata rangi ya kuzuia kutu tusingeinunua.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tutarudi kwenye taa, na pengine mabenchi, hali ya fedha ikiruhusu. Mweka hazina yupo mlangoni na kitabu cha stakabadhi. Tafadhali msimpite.

Mwenyekiti