Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba: oksitosini ipimwe pale inapotumika

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Kwa heshima, mimi fundi sanifu mstaafu wa maabara, mkazi wa Dar es Salaam, nakuandikia kuhusu oksitosini, sindano ambayo mkunga humchoma mama mara mtoto anapozaliwa ili asitokwe na damu nyingi.

Ampuli yake huandikwa yuniti 10, wala si miligramu, kwa sababu homoni hii ya pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ilipimwa kwa kazi yake kabla wanakemia hawajaijua umbo. Mwaka 1925 yuniti moja iliwekwa kuwa nguvu iliyomo katika miligramu 0.5 za unga mkavu wa sehemu ya nyuma ya tezi hiyo. Kipimo chenyewe nilifundishwa ujanani: kipande cha mji wa mimba wa panya kinaning'inizwa katika maji ya chumvi yaliyo vuguvugu, kinatiwa dawa ya kulinganishia, kinajikaza na kuvuta uzi wa kalamu, kisha kinasuuzwa, kinaachwa kitulie, ndipo kinatiwa dawa inayopimwa. Kwa kuwa panya hawalingani, tulirudia mchana kutwa. Wengine walimtumia jogoo aliyetiwa nusukaputi, wakaangalia shinikizo lake la damu linavyoshuka.

Siombi turudi kwa panya. Tangu mwanakemia Mmarekani Vincent du Vigneaud alipoiunda oksitosini maabarani mwaka 1953, njia ya kemia imekua, na leo kromatografia, yaani njia ya kutenganisha kemikali zilizochanganyika, huipima kwa usahihi zaidi bila kumgusa mnyama. Ninachoomba ni kwamba sampuli zichukuliwe pia kwenye majokofu ya wodi na maduka ya dawa, kwa sababu homoni hii hupungua nguvu kwenye joto na huhitaji nyuzi 2 hadi 8. Februari moja niliona boksi la ampuli juu ya rafu, jua la dirishani likiliangukia, na muuzaji akanionyesha kwa uhakika tarehe ya mwisho wa matumizi, ambayo kweli ilikuwa bado mbali. Nilihuzunika, maana hakukusudia ubaya wowote.

Naomba pia matokeo yatangazwe kwa Kiswahili, kila toleo la dawa lililotoka kiwandani na asilimia yake, ili mkunga ajue kama dawa aliyoishika imo kati ya asilimia 90 na 110 ya yuniti zilizoandikwa.

Wako mtiifu,
Fundi sanifu mstaafu, Dar es Salaam