Zai, dirisha linafungwa Ijumaa

Makambako, Jumapili usiku

Zai wangu,

Habari za masiku? Mimi mzima, hofu ni kwako uliye mbali. Najua nimenyamaza tangu Pasaka, na najua umenuna, Bibi Chai kaniambia. Utanigombeza tukionana. Sasa hivi nina haraka: dirisha la maombi ya chuo linafungwa Ijumaa na mimi sijajaza hata jina.

Cheka kwanza. Tangu asubuhi mpaka jioni niko steshonari kwa mjomba, nawajazia watoto wa watu maombi, nawapakia vyeti, nawaeleza habari za Bodi ya Mikopo utadhani hizo hela natoa mimi. Jana baba mmoja kaniuliza, "Na wewe binti, unasoma chuo gani?" Nikajifanya printa imekwama. Dakika kumi baadaye ikakwama kweli. Mganga hajigangi, ndiyo mimi.

Ni lile lile la hesabu na kompyuta, nikasomee ipi chuoni. Baba kasema sayansi ya kompyuta, mjadala umefungwa. "Ukimaliza hesabu utakuwa nani? Mwalimu. Na walimu wamejaa mtaani wanasubiri ajira." Mjomba naye anataka kompyuta, ila huyo ana yake, anadhani nitarudi kumtengenezea printa. Na mimi nilishakubali, naapa. Mpaka Alhamisi iliyopita.

Wateja hakuna, umeme upo. Nikafungua laptopu ya mjomba, ile ambayo herufi n haibonyezeki. Unajua Python, ile lugha ya kuandikia programu, nimejifunza kidogo kwenye simu. Sasa jaribu kuandika Python bila n! Neno "print" peke yake lilinitoa jasho, kila n naikopi mahali naibandika. Nikaandika kitu kidogo tu: chukua namba k, izidishe kwa yenyewe, jumlisha k, jumlisha 41, halafu niambie jibu ni namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe, au siyo. Sifuri ikatoa 41, tasa. Moja, 43, tasa. Mbili, 47. Tatu, 53. Niliiambia iishie 30, na zote tasa! Zai, nilipiga kelele hadi muuza vocha wa jirani akaja kuchungulia. Nikapiga picha kioo cha laptopu, nikamtumia Ticha Sweta, yule wa hesabu. Akajibu maneno mawili: "Weka 40."

Nikaweka. 1681. Ambayo ni 41 mara 41, siyo tasa.

Halafu akapiga simu, kwa sauti ile ile ya kipindi cha saa nane mchana. Kwanza, hiyo fomula mwanahesabu Euler aliijua tangu 1772, kwa hiyo nisijisifu. Pili, kompyuta sikuihitaji: 40 mara 40 ukijumlisha 40 unapata 40 mara 41, weka 41 nyingine juu yake, basi, 41 mara 41. Mstari mmoja wa kalamu. Programu yangu ilisema ndiyo mara 31, mstari mmoja ukaiangusha.

Tangu siku hiyo sina raha. Nilifurahi ilipofanya kazi, siwezi kukataa. Lakini ule mstari ndio unaoniamsha usiku. Nikamuuliza Ticha, mbona basi watu wanatenganisha hesabu na kompyuta? Akasema ni ukoo mmoja. Turing mwenyewe, aliyeweka misingi ya kompyuta, mwaka 1936 alikuwa mtu wa hesabu, akaieleza mashine yake kwenye karatasi tu, kompyuta kama hizi bado hazijatengenezwa. Na moja ya njia zinazotumika kufunga siri kwenye intaneti imesimama juu ya hizo hizo namba tasa: kuzidisha mbili kubwa ni rahisi, kupewa jibu ukaambiwa uzitafute ndiyo kazi. Sawa, ukoo mmoja. Lakini kwenye fomu ni mistari miwili, na chaguo la kwanza ni moja.

Ninachowaza ni hiki. Kuandika programu naweza kujifunza mwenyewe, nikikosea mashine inanipigia kelele hapo hapo. Uthibitisho wa hesabu, kama ule mstari wa Ticha, nikiukosea nikiwa peke yangu Makambako, nani ataniambia? Hapo naona chuo nikasomee hesabu, kompyuta niiokote njiani. Halafu namkumbuka baba na lile shamba aliloliuza nikiwa kidato cha tano, naona aibu hata kuwaza hivyo. Halafu tena ile 1681...

Haya nijibu, na usinipake mafuta. Wewe uko mwaka wa pili huko Dodoma, hesabu mnazosoma kwenye kompyuta ni za kweli au mnapewa fomula mkariri? Kuna anayewaambia kwa nini? Mtu wa hesabu anaruhusiwa kuchukua masomo yenu? Tangazo la kazi likisema "shahada ya kompyuta au inayofanana nayo", hesabu inafanana? Na asiye na laptopu mwaka wa kwanza anaishije? Na yule wa Mbozi, bado anakusumbua?

Simu yangu iliingia kwenye ndoo juzi, ndiyo maana unaona karatasi. Konda anakuletea na parachichi kumi na mbili, zihesabu, simwamini. Piga kwa mjomba kabla ya Alhamisi, baada ya saa mbili usiku, akiwa ameshaenda kuangalia mpira.

Wako,
Tuli